Mazungumzo ya Nyumbani: Pasaka Ipi?

Mwezi huu twataka kunena nanyi juu ya neno "kesho", nalo twalinena kwa haya, kwa maana sisi wenyewe tulilitumia vibaya.

Mtu aijuaye Kariakoo alfajiri ajua ya kuwa watu wa hapo si wavivu. Magari ya nyanya na ndizi na viazi huingia usiku, na wachuuzi huamka saa tisa ili wauwahi mzigo. Mwambie mwuza nyanya aliache tenga lake mpaka wiki ijayo, atakucheka. Hata jina la mahali latokana na kazi ya kubeba, maana Carrier Corps kilikuwa kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, waliokaa hapo siku za Vita Kuu ya Kwanza, kabla soko halijafunguliwa mwaka 1923. Basi twastaajabu kuona ya kwamba mtu yule yule asiyeahirisha nyanya hata saa moja, huahirisha kwa miaka kumi jambo analolitamani moyoni kuliko yote. Twadhani sababu ni hii: nyanya zikioza hunuka, na jirani huziona. Jambo la moyoni huoza kimya.

Karibu na Mtaa wa Msimbazi yuko mama mmoja mwuza nazi, ambaye tumezoea kununua kwake. Hakupata kusoma utotoni. Mwanzoni mwa mwaka 2018 alituambia, "Mwalimu, nataka kujua kusoma kabla sijafa. Nifundishe." Tukafurahi sana, tukamwahidi kuanza baada ya Pasaka. Pasaka ikapita, tukasema watoto wa shule wana mitihani. Mitihani ikapita, mvua zikanyesha, njia ya Jangwani ikafunikwa na maji, nasi tukapata udhuru mzuri kuliko zote, maana ulikuwa wa kweli. (Mwenye kutafuta udhuru wa uongo hujisumbua bure, wa kweli ni wengi.) Naye mama hakutuhimiza. Siku moja alisema wanunuzi ni wengi mno, siku nyingine alisema hapana wanunuzi na moyo umevunjika. Tukawa kama watu wawili waliopatana wasikutane.

Mwaka uliofuata ujumbe ukafika katika simu yake. Kaka yake aliyekaa Kilwa alikuwa mgonjwa sana. Jamaa walimpigia simu wakamkosa, wakamwandikia. Mama alikuwa na desturi ya kusomewa na kijana wa meza ya jirani, na siku zile kijana alikuwa safarini. Mama akaiona alama ya ujumbe, akadhani ni matangazo yanayokuja kila siku, akauacha. Siku ya tatu kijana akarudi, akamsomea. Mama akapanda basi jioni ile ile. Alipofika Kilwa, alioneshwa kaburi.

Aliporudi hakutulaumu. Alituchagulia nazi kama siku zote, akazigonga moja moja kusikiliza maji yake, kisha akauliza, "Mwalimu, Pasaka ipi?"

Hatukuwa na la kujibu.

Tukataka kumtia moyo, tukamsimulia habari za mzee Kimani Maruge wa Kenya, ambaye mwezi wa Januari 2004, mwenye umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, mjini Eldoret, baada ya serikali kuondoa ada za shule za msingi. Mzee yule alivaa sare, kaptura na soksi, akaketi pamoja na watoto, kwa kuwa alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Mwaka 2005 alisafiri mpaka New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa juu ya elimu. Naye alifariki mwaka 2009. Mama alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza kama mzee yule alikuwa na meza ya nazi. Tukasema hatujasikia kwamba alikuwa nayo. "Haya," akasema, akamgeukia mnunuzi.

Ndipo tukafahamu ya kuwa hadithi ya shujaa nayo yaweza kuwa kisingizio cha mwalimu, maana tulisimulia na bado hatukufundisha.

Kesho yake tulikwenda na kitabu. Herufi zilikuwa ndogo, na macho yake hayakuziona. Naye alidhani ya kuwa kusoma kwataka saa nzima na mahali penye utulivu, vitu ambavyo Kariakoo haina. Lakini nazi zake zilikuja katika magunia yaliyokuwa ya sukari, na juu yake imeandikwa SUKARI kwa herufi kubwa kama kiganja. Tukaanza hapo: SU, KA, RI. Tukapanga robo saa, saa moja asubuhi, kabla wanunuzi hawajawa wengi. Baada ya gunia tukasoma vibao vya magari: MBAGALA, KIMARA, GONGO LA MBOTO. Kibao cha gari ni mwalimu mkali, kwa kuwa hakingoji.

Wazee watakumbuka ya kuwa nchi yetu iliwahi kufanya hivyo kwa jumla. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka uliofuata chama cha TANU kikaazimia ya kwamba ujinga wa kusoma uondoke kabla ya mwisho wa 1975. Watu wakafundishwa chini ya miti na mahali pa kazi, na wengi wa walimu wao walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba tu. Hesabu ya 1967 ilikuwa imeonesha watu wazima 67 katika kila 100 wasiojua kusoma. Mwaka 1975 ulipofika wakabaki 39, na mwaka 1986 wakawa chini ya 10. Tarehe waliyoitaja waliikosa. Walakini twadhani wasingefika hata nusu ya njia kama wangesema "siku moja", kama tulivyosema sisi.

Usiku wa 10 Julai 2021 soko kuu likaungua, na mitaa yote ikawa na huzuni na msongamano. Tukamwambia mama tupumzike mpaka mambo yatulie. Akatutazama kwa muda. "Mwalimu," akasema, "saa moja."

Sasa husoma polepole, kidole kikienda chini ya neno. Mwezi uliopita tulimkuta ameishika simu karibu na uso. Ujumbe ulikuwa wa binti wa marehemu kaka yake. Tukanyosha mkono kumsaidia, akautoa kando. Mnunuzi akaja, akasimama, akakohoa. Basi tukamwuzia sisi, nazi mbili, kwa bei iliyo chini ya ile ya mama, naye mama hakuinua macho.