Acheni Kuchimba Mawe!

Kuna ushauri mmoja umezeeka lakini hautaki kufa. Kijana akitamka tu kwamba anataka kuingia EVE Online, hachelewi kupata mwalimu. "Anza kuchimba mawe, dogo. Chimba taratibu, kusanya hela, subiri ujuzi upande. Baada ya miezi sita nunua meli kubwa, ndipo uanze kucheza." Miezi sita! Jamani, kuna watu wanachumbiana, wanaoana na kuanza kugombana ndani ya miezi sita. Nasema bila kumung'unya maneno: ushauri huo ni sumu, na wanaoutoa wanajiona wametoa sadaka.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe, EVE ni mchezo wa anga za juu uliofunguliwa Mei 2003 na kampuni ya CCP ya Reykjavik, huko Iceland. Ukiiacha China, ambako wana seva yao, wachezaji wa dunia nzima wanakaa katika ulimwengu mmoja wenye mifumo ya nyota zaidi ya 7,000, mingi yake ikiwa imeunganishwa kwa malango. Hakuna binti mfalme wa kuokolewa, hakuna jini la mwisho ukiliua mchezo umekwisha. Unapewa kimeli, unaonyeshwa mlango, basi. Ukitaka kuwa mfanyabiashara, mchukuzi wa mizigo, mpelelezi, jambazi au jenerali, shauri yako. Karibu kila meli utakayoiona imeundwa na mchezaji mwingine, kwa madini aliyochimba mchezaji mwingine, ikauzwa kwa bei waliyopatana wao kwa wao. Soko kubwa liko Jita, na ukifika pale utadhani umeingia Kariakoo siku ya mkesha wa Idi. Uchumi ule ni mkubwa kiasi kwamba mwaka 2007 CCP iliajiri mchumi mwenye shahada ya uzamivu, Eyjólfur Guðmundsson, ili auangalie. Baadaye bwana huyo akaenda kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Akureyri.

Sasa katika ulimwengu kama huo, eti mgeni apelekwe kwenye ukanda wa mawe, aelekeze mionzi yake kwenye Veldspar, akodoe macho. Dakika kumi. Saa moja. Wiki. Halafu akisema amechoka, mwalimu anamcheka: "Mchezo huu si wa kila mtu." Mshikaji, wewe ndiye uliyemfungia kijana wa watu stoo, kisha unamlaumu kwamba hakuiona sebule!

Tena ushauri wenyewe umejengwa juu ya uongo. Ujuzi katika EVE haupatikani kwa jasho. Unaupanga kwenye foleni, saa inatembea, ujuzi unaongezeka hata kompyuta ikiwa imezimwa. Kama wote wawili wameanza siku moja na wamepanga foleni moja, anayechimba usiku kucha na aliyelala fofofo wataamka na ujuzi uleule. Sasa unachimba ili iweje? Ili upate hela. Hela za nini? Za kununua meli kubwa. Meli kubwa ya kufanyia nini? Hapo ndipo mwalimu anapoanza kukohoa.

Sina ugomvi na mchimbaji anayependa kuchimba. Wapo wanaoweka muziki wao, wanapiga soga na wenzao, wanachimba kwa raha zao, na bila wao hakuna meli hata moja. Ninaowapiga vita ni wale wanaolifanya jambo hilo kuwa unyago ambao kila mgeni lazima aupitie. Na nyuma ya unyago huo mara nyingi pana mtu anafaidi. Kampuni moja niliyowahi kuingia, jina silitaji, ilikuwa ikituita sisi wageni "familia". Familia gani hiyo! Tulichimba, mawe yakaingia bohari la bosi, malipo yakawa kesho, na kesho ikawa keshokutwa. Tulikuwa vibarua, hakuna jina lingine. Nilipotoka nikaitwa msaliti.

Basi mgeni afanye nini? Kwanza apite kwa mawakala wa kazi walio karibu na mahali anapoanzia. Hao si watu, ni sehemu ya mchezo, na wanakufundisha kupigana, kutafuta vitu vilivyofichika, kuunda na kuuza, huku wakikupa vimeli na vifaa. Siku mbili tatu zinatosha. Jambo la pili ndilo lenye uzito, na ndilo mwalimu wa mawe halisemi: tafuta watu, wiki hiyohiyo ya kwanza. Kipo chuo cha wachezaji, EVE University, kinachofundisha wageni tangu mwaka 2004. Yapo pia makundi makubwa yanayopokea mtu wa siku moja bila kumwuliza ujuzi. Kabla ya kuingia popote uliza kama wana watu macho saa ambazo wewe uko macho, kama wanawatoa wageni kwenda kupigana au wanawaweka uani, na kama ukipoteza kimeli chako kazini watakupa kingine. Wakianza longolongo, aga.

Watasema mgeni ni mzigo vitani. Uongo mtupu! Kuna kazi vitani inaitwa kukaba, na inafanywa na vimeli vidogo. Unapanda kimeli cha bei ya karanga, unakimbilia jimeli la adui, unawasha chombo kinachozuia asiruke kukimbia, kisha unalizunguka kwa kasi. Mizinga yake mikubwa imetengenezwa kupiga meli kubwa wenzake. Kwako wewe inazunguka polepole, kama mzee anayetafuta nzi kwa fimbo. Wenzako wanafika, wanammaliza. Mtu wa siku tatu anaweza kumshikilia mkongwe wa miaka kumi hadi afe. Wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, hawakumaanisha mgeni aje kuchimba mawe.

Na utakufa. Hili lazima lisemwe wazi. Katika EVE meli ikilipuka imelipuka, haifufuki. Mzigo uliokuwamo, nusu unaungua na nusu unabebwa na aliyekuua. Hata katika maeneo yanayoitwa salama, polisi wa CONCORD hawazuii mtu kukushambulia. Wanamwadhibu aliyekushambulia, na wakati huo pengine wewe umeshakuwa moshi. Ndiyo maana wakongwe wana sheria moja: usipande meli ambayo huwezi kumudu kuipoteza. Wapo wanaosema huo ni ukatili. Mimi nasema ndiyo chumvi ya mchezo. Mahali ambapo hupotezi kitu, huwezi kupata kitu pia. Mkono unaotetemeka ukiona jina geni limeingia kwenye mfumo uliomo, mchezo gani mwingine unakupa huo? Ila ukichimba miezi sita ukanunua jimeli moja, ukalipoteza usiku wa kwanza, hapo umepoteza miezi sita. Aliyeanza kufa kwenye vimeli vya bei ya karanga tangu siku ya tatu yeye anacheka tu.

Tazameni vita vya B-R5RB, Januari 2014. Muungano mmoja ulikuwa ukitumia mfumo huo kama kambi. Malipo ya kuumiliki yakashindwa kupita siku yake. Kodi ya pango, ndugu zangu, kama yule mwenye nyumba wako anayekugongea tarehe moja! Mahasimu wakaingia, wenyewe wakarudi kutetea, na mapigano yakaendelea kwa takriban saa 21. Marubani zaidi ya 7,500 walishiriki, Titan 75 zikateketea, na hasara ilikadiriwa kuwa ya dola zaidi ya 300,000 ukiigeuza kuwa hela halisi. Hakuna mwandishi wa CCP aliyekaa mezani akatunga kisa hicho.

Nimetaja dola, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri kwa sababu ni mifuko yetu inayozungumziwa. Tangu Novemba 2016 mtu anaweza kucheza bure, akiitwa alfa; baadhi ya ujuzi na meli anafungiwa, lakini kukaba anakaba, kusafiri anasafiri. Anayelipa huitwa omega, na ada yake ya mwezi mwaka 2022 ilipanda kutoka dola 14.99 hadi 19.99. Kwa kijana wa Dar au Nairobi hiyo si hela ya kuokota. Tena kuna PLEX, ambayo unainunua kwa dola na kuiuza sokoni kwa fedha ya mchezo, na tangu mwaka 2016 unaweza hata kununua ujuzi uliofyonzwa kutoka kichwa cha mchezaji mwingine. Kwa hiyo mwalimu wa mawe ana pacha wake, mwalimu wa pochi: "Achana na kusota, lipa tu uwafikie wenzako." Uwafikie wapi? Anayelipia jimeli asilojua kuliendesha anawapelekea maharamia nyama ya sikukuu. Cheza bure mwezi, miwili, mitatu. Ukiona umeshapata watu, ukajua unataka kuendesha nini na kwa nini, hapo fikiria kulipa kwa hela isiyo ya nauli wala ya ada.

Tena wenye mchezo wakizidisha tamaa, wachezaji wana mdomo. Mwaka 2011, kampuni ilipoanza kuuza vitu vya urembo, ikiwamo miwani ya jicho moja kwa dola kama 60 hivi, watu walikusanyika Jita wakaufyatulia risasi mnara uliokuwapo pale siku kwa siku. Mkuu wa kampuni aliishia kuomba radhi hadharani. Wacheza peke yao wasingeweza hilo.

Sasa mtu ameshaanza, atakaaje bila kuchoka? Jibu langu ni fupi: awe na jambo lake. Mchezaji anayeitwa Chribba alijulikana kwa uaminifu. Humo ndani utapeli ni ruksa, lakini watu waliokuwa wakiuziana meli za thamani kubwa kabisa walimkabidhi yeye meli na hela, akiwa katikati, naye hakula hata senti. Mwingine, Katia Sae, alijipa kazi ya kutembelea kila mfumo uliopo. Ilimchukua karibu miaka kumi. Mwaka 2019 alitimiza mifumo 7,805 bila kupoteza meli hata moja, na wenye mchezo wakamjengea sanamu humohumo. Kuna kundi la Signal Cartel, watu ambao kazi yao ni kuwatafuta marubani waliopotea katika mashimo ya anga na kuwaonyesha njia ya kutoka. Hakuna wakala aliyewatuma hao wote.

Na ninyi mnaojifunza kuandika, kwa nini mnaona mambo haya hayawahusu? Vita vya kule haviendeshwi kwa mizinga tu. Vinaendeshwa kwa hotuba, barua za mabalozi, uzushi, vikaragosi vya kumkejeli adui na taarifa za majasusi. Mwaka 2005 kundi la Guiding Hand Social Club lilipenyeza watu wake katika kampuni moja kwa muda wa kama mwaka mzima, wakapanda vyeo, wakaaminiwa, kisha siku moja wakamwua kiongozi wake na kufagia maghala. Hiyo ni riwaya, tena ya kijasusi. Mwandishi Andrew Groen alikusanya habari za vita hivyo akatoa kitabu cha historia, Empires of EVE, mwaka 2016. Kwetu nani ameandika hata kurasa mbili?

Mtanijibu kwamba huo ni mchezo tu. Mwaka 2012 mtumishi wa serikali ya Marekani, Sean Smith, aliuawa katika shambulio la Benghazi, Libya. Humo ndani alikuwa Vile Rat, mwanadiplomasia aliyeheshimika sana. Wachezaji, pamoja na waliokuwa maadui zake, walibadilisha majina ya vituo vyao kwa kumbukumbu yake. Waambieni hao kwamba ni mchezo tu.

Wapo pia watakaojitetea kwa mtandao. "Intaneti yetu inasuasua, tutafanywa kitoweo." Katika michezo ya kufyatuana bunduki, kweli utafanywa. Lakini seva ya EVE inahesabu mambo mara moja kwa sekunde, hivyo kuchelewa kwa robo ya sekunde hakukuui kama kunavyokuua kwingine. Kinachokuua ni mtandao kukatika kabisa, na dawa yake ni kimeli cha bei ya karanga niliyokwisha kusema. Jueni pia kwamba saa za mchezo ni za Greenwich. Kila siku saa 8 mchana kwetu seva inazimwa kidogo kwa matengenezo. Saa 3 usiku kwetu ni saa 12 jioni kwao: Wazungu wametoka kazini, vikosi vinaitwa, viongozi wanatafuta wakabaji. Muda huo wengi wetu tuko nyumbani tumeshakula.

Ukiuchoka mchezo baada ya hapo, toka. Hakuna aibu, na ujuzi uliokwisha kupata utaukuta palepale ukirudi mwakani. Lakini uchoke ukiwa umekaba, umekufa, umetapeliwa, umecheka na mtu wa Ureno saa 7 za usiku kwa sababu nyote wawili mmelipuliwa na adui mmoja. Na yule mwalimu wa mawe akikufuata tena na miezi yake sita, usibishane naye sana. Mwulize tu mara ya mwisho aliyocheka na mtu humo ndani ilikuwa lini.