SIMU NI YAKO, UFUNGUO WAKE NI WA NANI?

Ukipita Luthuli Avenue mjini Nairobi siku yoyote ya kazi utawakuta mafundi wa simu wameketi bega kwa bega nyuma ya vimeza vidogo, kila mmoja na taa yake, bisibisi zake na mkebe wa vipuri vilivyokwisha tumika. Hao ndio warithi wa wale waliokuwa wakitutengenezea redio za kaseti. Tofauti ni kwamba redio ile ilifunguka kwa bisibisi ya kawaida, na kanda ikijisokota hata mtoto wa shule aliirudisha kwa kalamu ya risasi. Leo mteja akileta iPhone, fundi hana budi kutafuta kwanza bisibisi ya namna yake, maana parafujo mbili zilizo chini ya simu hiyo zina kichwa chenye petali tano, umbo ambalo duka la kawaida la vyuma halina habari nalo.

Parafujo hizo hazikuwekwa kwa bahati mbaya. Kampuni ya Apple ya Marekani ilizichagua ili simu isifunguliwe na kila mtu, na jambo hilo dogo laeleza mengi juu ya kampuni yenyewe. Twaona yafaa kulizungumza, kwa sababu lile ambalo Apple hulifanya mwaka huu, kampuni nyingine huliiga mwaka ujao.

Haki isemwe kwanza. Vitu vya Apple vimeundwa vizuri. Simu iliyotoka mwaka 2015, ile iitwayo 6s, iliendelea kupokea programu mpya kubwa hadi mwaka 2021, na ni simu chache za washindani wake zilizotunzwa hivyo wakati huo. Asiyeona uzuri wa kazi hiyo ana kijicho tu. Lakini uzuri wa nyumba ni jambo moja, na nani ashike ufunguo wa mlango ni jambo jingine kabisa.

Ugomvi huu ulianza zamani, tena ndani ya kampuni yenyewe. Apple iliundwa mwaka 1976 huko California, na mwaka uliofuata ikatoa kompyuta iliyoitwa Apple II. Mwundaji wake, Steve Wozniak, alikuwa fundi kweli kweli. Alitaka kompyuta yenye nafasi 8 za kuchomeka kadi za ziada, ili mnunuzi aiongezee kile anachotaka. Mwenzake, Steve Jobs, aliona nafasi mbili zatosha. Wozniak alikataa katakata na akashinda. Kifuniko cha Apple II kiliinuliwa kwa mikono mitupu, na watu wasiojuana na kampuni wakaunda kadi za kila aina za kuchomeka humo. Kompyuta hiyo iliilisha kampuni kwa miaka mingi na iliuzwa mpaka mwaka 1993.

Mwaka 1984 ikaja Macintosh, na safari hii Jobs ndiye aliyeshika usukani. Sanduku lake lilifungwa. Parafujo zake za juu zilifichwa ndani kabisa ya mahali pa kuishikia, na kuzifikia kulihitaji bisibisi ndefu ya pekee. La kuchekesha ni kwamba upande wa ndani wa sanduku hilo zilichorwa sahihi za watu walioiunda. Walijivunia kazi yao, nao walikuwa na haki ya kujivuna, ila waliandika majina yao mahali ambapo mnunuzi hakutakiwa kupaona.

Tangu hapo, kwa maoni yetu, mawazo ya Macintosh ndiyo yaliyotawala. Katika muziki yalionekana mapema. Duka la nyimbo la iTunes lilipofunguliwa mwaka 2003, wimbo mmoja kwa senti 99 za Marekani, watu walifurahi. Lakini nyimbo hizo zilikuwa na kufuli ndani yake hadi mwaka 2009, na hukuweza kuzipiga kwenye chombo cha kampuni nyingine. Kisha mwezi wa Septemba mwaka 2014 kampuni ikatia santuri nzima mpya ya bendi ya U2 katika maktaba za nyimbo za wateja wake karibu milioni 500, bure, bila ya kuwauliza. Zawadi si jambo baya. Hata hivyo watu wengi walikasirika, na kampuni ikalazimika kuwapa njia ya kuifuta. Wengine waliwacheka, wakisema ni watu gani hawa wanaolalamikia cha bure. Sisi hatukucheka. Anayeweza kuingia nyumbani mwako usiku akaacha kikapu cha maembe mezani, huyo ana ufunguo wa mlango wako.

Tundu la waya wa masikioni lilipoondolewa mwaka 2016, mkubwa mmoja wa kampuni alilieleza jukwaani kuwa ni jambo la ujasiri. Miezi michache baadaye vikauzwa visikilizio visivyo na waya kwa dola 159. Hatuna la kuongeza.

Lililotuudhi zaidi ni lile la betri. Mwezi wa Desemba mwaka 2017, baada ya watu kupima simu zao na kuchapisha matokeo, Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa ikizipunguzia mwendo simu ambazo betri zake zimechakaa. Sababu waliyoitoa haikuwa ya uongo: betri kuukuu haiwezi kutoa nguvu nyingi kwa ghafla, na simu huweza kuzimika. Lakini mwenye simu hakuambiwa waziwazi. Aliona tu simu yake inachechemea, akadhani imezeeka, akaenda kununua nyingine ya mamia ya dola, na kumbe betri mpya ingalitosha. Kampuni iliomba radhi, ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29, na mwaka 2020 ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi huko Marekani.

Mwaka huo huo wa 2020 simu mpya zikaanza kuuzwa bila chaja. Tuliambiwa ni kwa ajili ya kuhifadhi mazingira, kwamba watu tayari wana chaja majumbani. Wanazo, ndiyo. Ila waya uliotiwa katika boksi ulikuwa na kichwa cha namna mpya ambacho hakikuingia katika chaja nyingi za zamani!

Sasa turudi kwa fundi wetu, maana yeye ndiye aumiaye kuliko wote. Kuanzia mwaka 2019, ukibadilisha betri ya iPhone kadhaa nje ya mafundi walioidhinishwa, simu hukuonya kwamba betri hiyo haitambuliki. Baadaye ikawa vivyo hivyo kwa kioo. Mwaka 2021 hali ilizidi. Ulipobadilisha kioo cha iPhone 13, ule uwezo wa simu kumtambua mwenyewe kwa uso ulikufa, hata kama kioo chenyewe kilitoka katika iPhone 13 nyingine halisi. Baada ya kelele nyingi kampuni ilirudi nyuma. Fundi hakukosea mahali popote. Kipuri ni halisi, mikono ni mizuri, na bado mteja anaondoka akimwita tapeli.

Kuna wanaoitetea kampuni kwa hoja nzito, nasi hatutaki kuipuuza, hasa katika mji ambao simu hunyakuliwa mkononi mchana kweupe. Wanasema kwamba kipuri kikifungamanishwa na simu yake, mwizi hapati faida kwa kuivunjavunja na kuuza vipande. Ni kweli. Lakini kwa nini vipuri vyote vifungwe ili kuwakomesha wezi? Mwezi wa Aprili mwaka 2024 Apple yenyewe ilitangaza kwamba itaruhusu vipuri halisi vilivyokwisha tumika, na kwamba kipuri kilichotoka katika simu iliyoripotiwa kupotea ndicho kitakachozuiwa. Ikiwa liliwezekana mwaka 2024, kwa nini lisiwezekane mwaka 2019? Mwezi mmoja tu kabla ya tangazo hilo, jimbo la Oregon lilikuwa limepitisha sheria ya kupiga marufuku ufungamanishaji wa namna hiyo. Msomaji atajumlisha mwenyewe.

Hali kadhalika tundu la chaja. Kwa miaka zaidi ya kumi iPhone ilikuwa na tundu lake la pekee, na kampuni ilipinga kulibadilisha. Jumuiya ya Ulaya ilipopitisha sheria mwaka 2022 kwamba simu zote zitumie tundu la aina moja, mwaka uliofuata iPhone 15 ikatoka na tundu hilo, nayo ikasifiwa jukwaani kana kwamba ni wazo lililozaliwa kwao.

Kwa hiyo wale wanaosema kwamba asiyependa asinunue, wanasema nusu ya neno. Mnunuzi mmoja mmoja hajaibadilisha kampuni hii; sheria ndiyo iliyoibadilisha. Wabunge wetu wangefanya vyema kuuliza kama simu inayouzwa hapa yaweza kutengenezwa hapa, na kama mwingizaji wake yuko tayari kuuza vipuri kwa fundi yeyote. Na waulize mapema. Ruhusa ile ya mwaka 2024 yaanzia iPhone 15 na zile zilizofuata, na marufuku ya Oregon yahusu simu zilizoanza kuuzwa mwaka 2025. Simu nyingi zifikazo Luthuli Avenue ni mitumba ya kabla ya hapo, na ndizo zilizojaa katika mkebe wa fundi yule.