Moyo ukienda mbio mno huchoka

SWALI: Mama yangu hulalamika kwamba moyo humwenda mbio hata akiwa ameketi. Siku hizi miguu imemvimba, na usiku hulalia mito mitatu ili apate pumzi. Majirani wanasema ni mawazo na uzee. Je, ni kweli? – Mwanafunzi, Nairobi.

JIBU: Usikubali maneno ya majirani. Kuvimba miguu na kukosa pumzi mtu akilala ni dalili za moyo uliodhoofika. Mpeleke hospitalini leo, usingoje mwisho wa mwezi.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Ukipiga mara 72, kwa siku hufikisha mapigo zaidi ya laki moja. Ukipiga mara 130 usiku na mchana, hufika karibu 187,000. Isitoshe, misuli ya moyo hupata sehemu kubwa ya damu yake wakati moyo umelegea, kati ya pigo moja na jingine. Moyo ukienda mbio, nafasi hiyo hupungua.

Kwenda mbio kwa sababu ya hofu au mazoezi hakudhuru moyo wenye afya. Hatari ni mbio za wiki au miezi. Hapo misuli huregea, vyumba vya moyo hutanuka, na maji hujaa miguuni na mapafuni.

Habari njema ni kwamba, ikiwa chanzo ni mbio hizo, mara nyingi misuli hupata nguvu tena baada ya mapigo kudhibitiwa. Daktari atapima umeme wa moyo, atachunguza vali na tezi ya shingo, kisha ataamua dawa. Mapigo yakiwa ya ovyo ovyo, huenda akaongeza dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa maana bonge la damu likifika kwenye ubongo huleta kiharusi.

Mama akipata nafuu, asiache dawa bila idhini ya daktari. Mbio zikirudi, moyo huweza kudhoofika upesi kuliko mara ya kwanza.

Nawe jifunze kumpima. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake, chini ya kidole gumba, uhesabu dakika nzima. Mwandikie daktari hesabu hiyo. Lakini akizimia au akiumwa na kifua, acha kuhesabu, tafuta gari. Usipoziba ufa utajenga ukuta.