Mgeni Njoo, Mwenyeji Asidhurike

Nyumbani kwetu karibu na Litein mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu. Humiminiwa mursik, akaulizwa habari za njiani. Siku hizi, hata kabla kibuyu hakijatikiswa, hupewa nenosiri la mtandao pasi waya. Wengine hawangoji kupewa, kwani limo kwenye kibandiko kilicho chini ya kifaa, nacho kifaa ki juu ya kabati la sebuleni.

Likizo iliyopita mtandao ulikuwa ukizorota kila jioni. Tulimlaumu mtoa huduma, tukailaumu na mvua. Nilipofungua mipangilio, nilikuta vifaa kumi na vinne ilhali nyumba ina simu tano. Mawimbi haya hayajui mpaka. Huruka ua na safu za michai hadi barabarani.

Wapo wanaodai kwamba kumnyima jirani intaneti ni uchoyo. Siafiki. Avamiaye mtandao wako haibi kasi peke yake. Akituma vitisho au kulaghai watu, anwani inayoonekana huko nje ni yako. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni inamhesabu mvamizi kuwa mhalifu, lakini atakayebishiwa hodi kwanza ni mwenye nyumba.

Wasanifu wa nyumba za kale za Lamu walilitatua suala hili zamani. Mgeni aliketi dakani, kwenye baraza za mawe, akastahiwa bila ya kufika ndani. Vifaa vingi vya sasa navyo vina daka: mtandao wa wageni, wenye jina na nenosiri lake. Mgeni apate intaneti, asifikie kompyuta wala printa yako. Baada ya hapo, badilisha nenosiri la kibandiko, na vilevile lile la kufungulia mipangilio, ambalo takriban kila mtu hulisahau. Chagua usimbaji wa WPA2 au WPA3. WEP ilivunjwa tangu 2001. Zima WPS, kwani mwaka 2011 ilidhihirika kwamba namba yake ya tarakimu 8 hubahatishika kwa saa chache. Kuficha jina la mtandao ni kujifariji tu.

Kikwazo kikuu, kwa maoni yangu, ni lugha. Mipangilio ya kifaa chetu yote ni ya Kiingereza, na mama, aliyechuma chai miaka mingi, haigusi. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tungali tunabishana semina nzima iwapo tuseme nenosiri au nywila, ilhali tangu 2004 Jambo OpenOffice ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikwisha kuonyesha kwamba kompyuta yaweza kusema Kiswahili. Chama chetu kingeanza na ukurasa mmoja wa maelekezo, ukabandikwa katika maduka yanayouza vifaa hivi Kericho na Bomet.

Wangu nilimwandikia mama. Alielewa yote isipokuwa “usimbaji”. Nikalifuta, nikaandika “kufunga ujumbe”, naye akabadilisha nenosiri mwenyewe. Hadi leo hajaniambia ni lipi.