Mbinu Ifuate Tatizo

Tarehe 20 Januari 2025 Serikali ya Tanzania ilitangaza mlipuko wa Marburg wilayani Biharamulo. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 13 Machi, wagonjwa 10 walikuwa wamehesabiwa: 2 waliothibitishwa na maabara na 8 waliochukuliwa kuwa nao bila kuthibitishwa. Wote walifariki. Kwa Biharamulo, na kwa jirani yake Ngara inayopakana na Rwanda na Burundi, uboreshaji wa huduma ni suala la uhai.

Vituo vingi nchini vinaifahamu mbinu ya 5S-KAIZEN, iliyoanzia Hospitali ya Rufaa Mbeya mwaka 2007: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Faida yake haina ubishi, kwani penye mpangilio glavu na klorini hupatikana bila kutafutwa. Hata hivyo, stoo iliyopangwa vizuri haielezi kwa nini mgonjwa wa homa hukaa benchi moja na wenzake kwa saa nzima kabla ya kuulizwa lolote. Marburg huanza kwa dalili zinazofanana na za malaria. Kila dakika ya benchi hilo ni hatari kwa jirani na kwa muuguzi.

Swali la "kwa nini" lina zana yake: mchoro wa mfupa wa samaki wa Kaoru Ishikawa, Mjapani. Mchoro huo hufichua visababishi, mathalani mapokezi yasiyo na mtu alfajiri au kukosekana kwa chumba cha kutengea wagonjwa. Lakini hauthibitishi suluhisho lipi litafaa. Hapo ndipo unapohitajika mzunguko ulioenezwa na W. Edwards Deming: panga, tenda, chunguza, chukua hatua. Kwa siku moja, mhudumu mmoja aulize kuhusu homa mlangoni. Dakika za kusubiri ziandikwe. Kesho yake utaratibu urekebishwe na kujaribiwa tena. Gharama yake ni daftari na saa ya ukutani, hivyo hata zahanati inaimudu.

Mbinu hizi tatu hazishindani. Kila moja ina zamu yake. Kinachodhoofisha kazi ni kuhesabu mabango na vyeti vya mafunzo kana kwamba ndiyo matokeo. Timu za afya za halmashauri zinapofanya usimamizi shirikishi, ziulize kwanza: mgonjwa wa homa alisubiri dakika ngapi mwezi uliopita, na mwezi huu anasubiri ngapi?