Honda ya Mjomba na Pistoni ya Mchina

Wiki iliyopita sikuwepo mjini. Nilikuwa Chiungutwa, kule Masasi, kwa mjomba wangu, na nimerudi na suruali ina oili ambayo mama watoto amesema yeye hafui.

Kilichonipeleka ni simu. Mjomba hapigi simu hovyo, ukiona kapiga ujue kuna msiba au kuna posa. Safari hii alisema, "Mjomba, njoo tuzungumze habari ya Honda." Nikajua kazi ipo.

Kwa wale msiojua mambo ya kwetu kusini: kwa mila, ukoo unafuata upande wa mama. Mtoto wa dada ndiye mrithi wa mjomba. Sasa dunia imebadilika, na watoto wa kuzaa wa mjomba hawaoni kwa nini mtu atoke Dar aje kuchukua pikipiki iliyolala kwao miaka yote. Mmoja wao ni bodaboda, ana pikipiki yake ya Kichina. Huyo alishaongea kabisa na wanunuzi wa chuma chakavu, mambo ya bei kwa kilo. Honda ya mjomba ipimwe kwa kilo kama mabati! Ebo!

Hebu niwaeleze ni Honda gani. Mjomba aliinunua mwaka 1994, mnadani, mtumba, kwa hela za korosho. Na hela hizo zilikuwa na historia. Korosho za nchi hii zilifika tani 145,000 msimu wa 1973/74, halafu watu wakahamishiwa vijijini wakaacha mikorosho yao mbali, bei ikawa ya kuudhi, ubwiriunga nao ukaingia. Hadi 1986/87 zilikuwa hazifiki hata tani 20,000. Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na watu wakashika kupuliza salfa, mikorosho ikaamka. Wengine walinunua redio, wengine waliongeza mke. Mjomba akanunua Honda CG 125, tanki jekundu.

Siku hizo pikipiki tulikuwa tunazijua kwa sauti kabla hazijatokea kwenye kona. Yamaha DT ya bwana shamba ilikuwa inalia kama imekasirishwa, na ikishapita inaacha moshi wa bluu ambao sisi watoto tulikuwa tunaukimbilia kuunusa (msijaribu). Suzuki ilikuwa na mlio mwembamba. Honda yetu ilikuwa inaguguma taratibu, kama mzee anayecheka peke yake. Bibi yeye hakuwa na shida hizo, kwake pikipiki yoyote ni Honda, hata ya Suzuki.

Nakiri tulikuwa washamba. Lakini ile harufu ya siti iliyopigwa jua, petroli na vumbi, mpaka leo ikinipitia puani pale Kariakoo nageuka.

Sasa sikieni kilichofanya mimi nisikubali habari ya kilo. Januari 1998, mvua za El Nino. Barabara ilikuwa uji. Mama alishikwa na uchungu usiku, mkunga wa kijiji akamwangalia akasema hili si la kwangu, mpelekeni Mkomaindo. Gari hakuna. Mjomba akapiga kiki mara tatu. Tukapanda mishikaki: mjomba mbele, mama katikati, mimi nyuma nimemshika mama asianguke. Taa ya Honda ile, ukipunguza mafuta na yenyewe inafifia, kwa hiyo kila tulipofika kwenye tope tukapunguza mwendo, giza. Mjomba alikuwa anaendesha kwa kukumbuka. Mama hakulia hata mara moja. Alikuwa ananibana vidole tu, na kidole hiki cha kushoto mpaka leo hakinyooki vizuri.

Alfajiri mdogo wangu akazaliwa. Wa kike.

Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini hatukukwama. Honda walipoitoa CG mwaka 1976 walikuwa wanawalenga watu kama sisi, wa nchi zenye barabara mbovu na wateja wasiobadilisha oili kwa wakati. Wakaacha ile cheni ya taiming inayozungusha kamshafti ya juu ya injini, wakarudia push rodi za kizamani, kwa sababu zinavumilia uzembe. Cheni ya nyuma wakaifungia yote ndani ya boksi la bati, tope lisiingie. Kumbe kuna Mjapani alikaa mezani kwake akatufikiria sisi na uvivu wetu!

Basi, nimefika Chiungutwa, shikamoo, marahaba, chai. Honda iko bandani, kuku wamelalia siti. Fundi kutoka Masasi mjini kaifungua: pistoni imekufa, bloki imekwanguka. Ya Japani haipatikani. "Ila naweza kuweka ya Mchina," akasema.

Mjomba akasimama. "Mchina haingii kwenye Honda yangu."

Fundi hakubishana. Akaenda kwenye pikipiki ya yule binamu yangu bodaboda, akamwonyesha mzee vifuniko vya injini, zilipopita push rodi, kila kitu. Injini ile ile! Viwanda vya Uchina viliiga CG, na pikipiki nyingi za CC 125 na 150 zilizojaa kwenye vijiwe vyenu ni watoto wake. Binamu naye akainama kuangalia. Miaka yote anaicheka Honda, kumbe anakaa juu ya mjukuu wake.

Mjomba akanyamaza kitambo. "Weka," akasema.

Na mimi hapo ilibidi nijiulize. Enzi zetu Chiungutwa Honda ilikuwa moja, na usiku ule kama mjomba angekuwa safarini, sijui. Leo kijiweni zimepangwa pikipiki kama mikate. Zinapasuka mapema, ndiyo, na vijana wanavunjika miguu, lakini mama mjamzito leo anapiga simu tu. Hilo Honda zetu nzuri hazikuweza.

Jioni fundi akamaliza. Kiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu ikashika. Mlio ule ule. Kuku wakatawanyika. Mjomba akaukazia sikio, kisha akatuita wote ndani kwa ile habari aliyotuitia.

"Honda ni ya huyu," akasema, akamwonyesha mdogo wangu, ambaye siku hizi ana duka la nguo Masasi mjini na alikuwa amekuja na kilo mbili za sukari tu, hana habari.

"Mjomba, sijui kuendesha!"

"Ulipopanda mara ya kwanza ulikuwa hata hujazaliwa."

Naondoka Jumatatu asubuhi nimewaacha uwanja wa mpira, binamu bodaboda anakimbia pembeni anapiga kelele, "Achia klachi taratibu, dada! Taratibu!"