Je, Yafaa Kupima Gari Lako Nyumbani?

Nataka kuwaeleza wasomaji maoni yangu juu ya jambo lililotugawa katika mdahalo wa muhula huu. Hoja ilikuwa kwamba kila mwenye gari yampasa awe na skana yake nyumbani. Walioiunga mkono walisema kwamba siku za mafundi zimekwisha, kwa kuwa chombo kidogo kama kiberiti chaweza kumwambia mtu ubovu wote wa gari lake. Walioipinga walisema kwamba chombo hicho ni mchezo wa watoto. Mimi sikupata nafasi ya kusema siku ile, maana kengele ya chakula ililia. Lakini naona kwamba pande zote mbili zilikosa, nami nasema hivyo kwa sababu nimekwisha kukosa kuliko wao wote, tena kwa fedha za mama yangu.

Kwanza yafaa tufahamu chombo chenyewe. Magari ya siku hizi yana kompyuta inayoongoza injini. Kompyuta hiyo hupokea habari kutoka kwa sensa nyingi: hii hupima hewa inayoingia, ile hupima joto la maji, nyingine hupima oksijeni iliyobaki katika moshi. Ikiona habari isiyopatana na kawaida, huandika namba ya hitilafu na kuwasha taa ya injini mbele ya dereva. Huko Marekani sheria iliyataka magari madogo yote, kuanzia yale ya mwaka 1996, yafuate mpango mmoja wa namba hizo, uitwao OBD-II. Nchi za Umoja wa Ulaya zikafanya vivyo hivyo kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001. Skana huchomekwa katika tundu la pini 16 lililo chini ya dashibodi, karibu na usukani, na nyingine hupeleka habari zake katika simu. Magari yetu mengi hutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na baadhi ya yale ya zamani yana tundu hilo hilo lakini hayajibu skana ya kawaida. Kwa hiyo ni vema kujaribu kabla ya kununua.

Sasa nitasimulia yaliyonipata. Nyumbani kwetu Morogoro baba ana gari dogo, nalo ndilo libebalo mboga za mama kutoka Mgeta mpaka sokoni. Likizo ya Desemba taa ya injini iliwaka, na gari likawa linatetemeka kila liliposimama. Mjomba alikuwa ameniletea skana kutoka Dar es Salaam, nami nikaichomeka kwa majivuno mengi, wadogo zangu wakinitazama. Ikatoka namba P0171.

Namba hiyo ina maana yake. Herufi P huonyesha kwamba habari ni ya injini au gia. Sifuri huonyesha kwamba ni namba ya mpango wa wote, si ya kiwanda kimoja. Tarakimu 1 inayofuata ni ya mambo ya hewa na petroli. Jumla yake ni hii: mchanganyiko una hewa iliyozidi kipimo chake kwa petroli iliyomo. Injini ya petroli hutaka sehemu 14.7 hivi za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzito, na aiambiaye kompyuta kwamba kipimo kimepotoka ni sensa ya oksijeni.

Nilipoona neno sensa, nilidhani nimekwisha kumkamata mwizi. Nilimwambia baba, "Sensa imekufa, tununue nyingine." Baba aliniamini, kwa kuwa nasoma fizikia. Mama akatoa shilingi 90,000 alizokuwa ameziweka kwa ajili ya mbegu na mbolea ya msimu. Tukafunga sensa mpya, nikafuta namba, taa ikazimika, nami nikapigiwa makofi. Siku ya tatu taa ikawaka tena, namba ile ile. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Basi mwanangu, tutapanda kidogo mwaka huu." Maneno hayo yaliniumiza kuliko fimbo.

Baba akanituma kwa fundi mmoja mzee wa mtaani kwetu. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," nikamweleza habari yote. Akaniuliza, "Kijana, sensa ilikwambia hewa imezidi. Wewe ukamwondoa aliyesema. Je, hewa ilipungua?" Sikuwa na jibu. Akaniambia niwashe injini na kusoma katika skana tarakimu za petroli ambayo kompyuta inaongeza. Gari likiwa limesimama, kompyuta ilikuwa inaongeza asilimia 30. Tulipokanyaga mafuta mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika, ikashuka hadi asilimia 6. Mzee akacheka. Akanieleza kwamba kama pampu ya petroli ingekuwa dhaifu, upungufu ungezidi injini inapotaka petroli nyingi. Lakini hapa ulizidi injini ilipotulia, wakati mvuto wa hewa ndani yake ni mkubwa, na tundu dogo huingiza hewa ya wizi ambayo haikupimwa. Akapitisha vidole nyuma ya injini, akautoa mpira mdogo wa hewa uliopasuka kwa joto. Mpira mpya ulikuwa shilingi 8,000. Gari likatulia, na namba haikurudi tena mpaka nilipofunga sanduku kurudi shuleni.

Kumbe skana haikusema uwongo hata kidogo. Tarakimu zile zilikuwamo tangu siku ya kwanza, ila sikuzitazama. Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu, lakini mwenye busara huangalia pia wingu linakwenda upande gani. Namba ya hitilafu ni mashtaka. Haijawa hukumu. Yatuambia pa kuanzia kutafuta, haituambii cha kununua.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, maoni yangu ni haya. Chombo hiki yafaa kiwemo nyumbani mwa kila mwenye gari, lakini kitumiwe kwa adabu yake. Kwanza, andika namba katika daftari kabla ya kugusa kitu chochote, wala usiharakie kuifuta. Kufuta si kutengeneza, tena hupoteza kumbukumbu ya hali ya injini saa ile namba ilipoandikwa, ambayo ingemsaidia fundi. Pili, jiulize ni mambo mangapi yawezayo kuleta namba hiyo, kisha soma tarakimu injini ikiwa imetulia na ikiwa inakwenda kasi. Tatu, anza na kile kisicho na gharama: mipira, waya, vifungo vilivyolegea. Nne, taa ikiwa inamweta badala ya kuwaka tu, punguza mwendo na usimame mahali pa salama, kwani mara nyingi huwa petroli haiungui sawasawa ndani ya injini na yaweza kuharibu kisafishio cha moshi. Tena tusisahau kwamba skana ya namna hii haioni tairi lililokwisha, wala breki zilizolika, wala bolti iliyolegea. Mambo hayo yataka macho na mikono ya mtu.

Wazazi wetu nawaomba wasione haya kumwuliza fundi, "Umejuaje kwamba kifaa hiki ndicho kibovu?" Fundi mwema hafichi jibu, bali hufurahi kuulizwa. Na sisi wanafunzi tusidhani kwamba aliyeshika chombo kipya ampita aliyeshika spana miaka thelathini. Mzee yule hakuidharau skana yangu. Aliitumia vizuri kuliko mimi niliye mwenyewe.

Mwisho, nawaomba walimu wetu wa sayansi waone kama chama chetu cha sayansi chaweza kupata skana moja, tuitumie Jumamosi kwa magari ya walimu watakaokubali, fundi mmoja akialikwa kutufundisha. Darasani tunajifunza habari za mgandamizo wa hewa na kuungua kwa mafuta, na mambo hayo yote yamo chini ya boneti, yanangoja kusomwa.

Mimi nimeanza kuweka akiba ya fedha zangu za matumizi ili nimrudishie mama zile 90,000. Mpaka sasa nimepata 14,000. Naomba asomaye haya asijifunze kwa bei niliyolipa mimi.